Saa ya Ndege si Saa ya Safari

Wiki hii nimeona niweke kando mambo ya bei na mambo ya siasa, nijibu barua moja. Imeandikwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Nyamisangura, pale Tarime mjini, mahali ambapo mimi mwenyewe nilizaliwa na kuchunga mbuzi kabla ya kuja kutafuta maisha Dar es Salaam. Barua ya mtoto wa nyumbani haiwekwi chini ya godoro.

Mwanafunzi huyu anasema alipata ratiba ya ndege za Ulaya, akaona jambo lililomnyima usingizi. Ndege inaondoka London saa 3 asubuhi, inafika Paris saa 5 na dakika 20. Ndege nyingine inaondoka Paris saa 6 mchana, inafika London saa 6 na dakika 20. Umbali ni ule ule, kama kilomita 340. Anauliza: "Iweje kwenda ichukue saa mbili na dakika 20, na kurudi ichukue dakika 20 tu? Je, wakati wa kurudi ndege huwa inateremka mlima?"

Nilicheka, lakini sikumcheka yeye. Swali hilo ni la mtu anayesoma kwa macho yaliyofumbuka. Tena lilinikumbusha siku moja ambapo mimi, mtu mzima mwenye digrii, nilikosea hesabu ya aina hiyo hiyo, na kosa langu lilinigharimu jambo ambalo halilipiki. Nitaisimulia siku hiyo baadaye. Kwanza tujibu swali.

Ndege hiyo haiteremki mlima. Kwenda ni saa moja na dakika 20, na kurudi ni saa moja na dakika 20. Kilichobadilika ni saa ya ukutani. Ratiba za ndege duniani kote huandika muda wa kuondoka kwa saa za mji unakotoka, na muda wa kufika kwa saa za mji unakokwenda. Saa za Paris ziko mbele ya saa za London kwa saa moja. Abiria anayekwenda Paris anasogeza mshale mbele, kwa hiyo safari inaonekana ndefu. Anaporudi anaurudisha nyuma, na safari inaonekana fupi. Hakuna aliyepoteza wala aliyepata.

Kwa nini saa zitofautiane? Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Mahali palipo mashariki huliona jua mapema. Lakini saa ya ukutani haifuati jua peke yake, inafuata pia amri ya serikali. Paris na London haziachani sana kwa jua, ni kama dakika 10 tu. Ufaransa iliwekwa kwenye saa za Ujerumani mwaka 1940, ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Wajerumani, na baada ya vita ikabaki kwenye saa hizo.

Hapa kwetu tumechagua njia nyingine. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa moja. Jua linapofika utosini Dar es Salaam, Tarime bado kama dakika 19, na Kigoma bado zaidi ya nusu saa, lakini taarifa ya habari tunaisikiliza pamoja. Ukivuka kwenda Rwanda au Burundi ndipo unarudisha mshale nyuma saa moja. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayekwenda Kigali ataona muujiza ule ule wa mwanafunzi wetu: tiketi itaonyesha kwamba kwenda ni kufumba na kufumbua, na kurudi ni safari ya kuchosha.

Hapo swali la kwanza limekwisha. Lakini lipo la pili, ambalo mwanafunzi hakuliuliza, nami naliona kubwa zaidi. Ndege kubwa ya abiria hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa ikiwa angani. Kilomita 340 ingezimaliza kwa dakika 25 hivi. Mbona ratiba inasema saa moja na dakika 20?

Jibu ni kwamba muda unaoandikwa kwenye ratiba hauanzi ndege inaporuka. Unaanza inapoondoka pale iliposimama kupakia abiria, na unaisha inaposimama tena kuwashusha. Katikati yapo mengi. Ndege inajikokota chini kuelekea njia ya kurukia, na katika viwanja vyenye msongamano kama vya London huenda ikapanga foleni kama daladala za jioni. Ikiruka haianzi na mwendo wake mkubwa, inapanda kwanza. Haijatulia vizuri huko juu, inaanza kupunguza mwendo na kushuka. Ikikaribia, huenda ikaambiwa izunguke kungoja wenzake watue. Ikitua inajikokota tena. Mwenye ratiba naye huongeza dakika kidogo za akiba ili asionekane mchelewaji. Ndiyo maana katika safari fupi ya ndege muda wa chini hula sehemu kubwa ya ratiba.

Tena kuna upepo. Huko juu, katika sehemu za kaskazini ya dunia, hupita mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayotoka New York kwenda London husukumwa nao, na ile inayokwenda New York hupambana nao, hata tofauti ikafika saa nzima au zaidi. Mwezi Februari 2020, wakati wa tufani kubwa, ndege moja ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua kama saa 6 na nusu hadi 7. Hapa kwetu karibu na Ikweta upepo wa juu ni mpole zaidi, na katika safari za ndani hautasumbua sana hesabu yako.

Sasa, ndugu zangu, tuiache Ulaya tuje nyumbani.

Kilomita 340 za London na Paris zinanigusa kwa sababu zina pacha wake hapa kwetu. Chukua ramani ya shule. Tarime iko karibu nyuzi 1.4 kusini ya Ikweta na nyuzi 34.4 mashariki. Arusha iko karibu nyuzi 3.4 kusini na nyuzi 36.7 mashariki. Kutoka kaskazini kwenda kusini wameachana nyuzi 2. Kutoka magharibi kwenda mashariki wameachana nyuzi 2.3. Karibu na Ikweta kila nyuzi moja ni kama kilomita 111, iwe ya kwenda juu au ya kwenda upande. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kutumia kanuni ya pembetatu mraba aliyofundishwa darasani. Mbili mara mbili ni 4. Mbili nukta tatu mara mbili nukta tatu ni 5.29. Jumla 9.29. Kipeuo chake cha pili ni kama 3.05. Zidisha kwa 111, unapata karibu kilomita 340.

Basi umbali wa Tarime na Arusha kwa mstari ulionyooka ni ule ule wa London na Paris. (Hesabu hii usiipeleke Ulaya bila kuirekebisha. Huko nyuzi za upande zimebanana, na moja ni kama kilomita 71 tu.)

Lakini nenda stendi ya Tarime uulize njia ya Arusha. Utaambiwa njia tatu, na hakuna hata moja iliyonyooka. Ya kwanza inapita ndani ya Hifadhi ya Serengeti na Ngorongoro. Ni ya vumbi kwa sehemu kubwa, ina malango na ada, na usiku malango yanafungwa. Ya pili inazunguka Mwanza, Shinyanga, Singida na Babati, na inafika kama kilomita 1,000, mara tatu ya ule mstari wa ramani. Ya tatu inavuka mpaka Sirari, inapita Kisii, Narok na Nairobi, inarudi nchini Namanga. Hiyo ni fupi kuliko ya Mwanza, lakini unatoka katika nchi yako na kuingia tena ili ufike mkoa wa pili wa nchi yako hiyo hiyo.

Wengi wanakumbuka mpango wa kuweka lami njia ya kaskazini ya Serengeti, kutoka upande wa Mugumu kwenda Loliondo. Shauri lilifunguliwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 20 Juni 2014 mahakama hiyo ikatamka kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi ni kinyume cha mkataba wa Jumuiya. Sababu yake inajulikana: pale ndipo wanapopita nyumbu, zaidi ya milioni moja, wakifuata malisho kwenda Mto Mara na kurudi. Mimi sileti hapa ugomvi kati ya nyumbu na abiria. Wote wana haki ya kupita. Ninachosema ni kwamba mstari wa rula hauna lango, hauna mto wala nyumbu. Binadamu hasafiri kwa rula.

Tuchukue mfano wa pili, ambao nadhani utawashangaza hata watu wa Mara wenyewe. Nani yuko karibu zaidi na Dar es Salaam, mtu wa Tarime au mtu wa Mwanza? Wengi watasema wa Mwanza, kwa sababu sisi wa Tarime tunapanda ndege Mwanza. Haya, rudi kwenye ramani. Dar es Salaam na Tarime wameachana nyuzi 5.5 kwa 4.8. Piga hesabu ile ile: kipeuo ni 7.3, na umbali ni kama kilomita 810. Dar es Salaam na Mwanza wameachana nyuzi 4.4 kwa 6.3. Jibu ni kama kilomita 850. Mtu wa Tarime yuko karibu zaidi! Lakini ili afike Dar es Salaam kwa ndege kupitia Mwanza, anaanza kwa kurudi nyuma, kusini-magharibi, karibu kilomita 300 za barabara. Na kwa mstari ulionyooka, Nairobi iko karibu naye kuliko Dar es Salaam na hata Arusha. Ni kama kilomita 270 tu, karibu mashariki kabisa, kana kwamba Mungu aliweka miji hiyo miwili kwenye kamba moja.

Hizo kilomita 850 za Dar es Salaam na Mwanza hazina muda mmoja. Muda unategemea chombo. Ndege za pangaboi aina ya ATR, ambazo Precision Air imezitumia miaka mingi, huenda kama kilomita 500 kwa saa. Zile za Q400 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016 ni za pangaboi pia, lakini zina kasi zaidi, kama 650. Na zile za jeti aina ya Airbus A220, zilizoanza kuingia nchini mwishoni mwa mwaka 2018, hupita 800. Kwa hiyo jirani yako akikuambia alitumia saa moja na robo, na wewe ukatumia karibu saa mbili, msiitane waongo. Ulizaneni kwanza mlipanda nini.

Sasa niwasimulie ile siku yangu.

Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu usiku kwamba baba yangu mkubwa amefariki. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe ili mimi nisome. Mazishi yalipangwa kesho yake saa 9 alasiri. Nilipata nafasi kwenye ndege ya asubuhi. Tiketi ilisema kuondoka saa 2, kufika Mwanza saa 3 na nusu. Nikatazama ramani, nikaona Mwanza na Tarime wameachana kilomita 200. Nikajisemea, saa mbili na nusu za gari, tuseme tatu. Nikapiga simu nyumbani kwa kujiamini: "Wazee, saa 7 mchana nitakuwa hapo. Nisubirini, nitatia udongo kwa mkono wangu."

Ndege ilichelewa kuondoka kwa saa moja na nusu. Tulitua Mwanza saa 5. Kusubiri mzigo, nusu saa. Teksi mpaka stendi, dakika 45. Basi lilikuwa halijajaa, na basi lisilojaa haliondoki kwa sababu ya msiba wa mtu mmoja. Tuliondoka saa 7. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba zile kilomita 200 zinapita juu ya maji ya Ghuba ya Speke, na basi haliogelei. Barabara inazunguka ghuba, Magu, Lamadi, Bunda, inapanda mpaka Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, ndipo inaelekea Tarime. Abiria wanashuka, wanapanda, kuna mizani, kuna matuta, kuna askari wa barabarani. Saa tano kamili.

Nilifika Nyamisangura saa 12 jioni. Wazee walikuwa wamesubiri mpaka saa 10 na nusu, kisha wakamzika. Nilikuta udongo mbichi na wanawake wakikusanya vyombo.

Kwa muda mrefu niliilaumu ndege. Kila aliyenipa pole nilimwambia, "Ni ile saa moja na nusu iliyonimaliza." Mpaka siku moja nilikaa na karatasi na kupiga hesabu. Hata ndege ingeondoka kwa wakati wake, ningefika nyumbani saa 10 na nusu. Mazishi yalikuwa saa 9. Nisingewahi saa hiyo. Kosa lilikuwa langu, nililifanya usiku ule nikiwa na simu mkononi, kabla sijaondoka kitandani. Niliwaahidi wazee jambo ambalo ramani na tiketi havikuniahidi.

Shangazi yangu aliniambia neno moja jioni ile, bila ukali: "Mwanangu, ulituambia saa ya ndege. Hukutuambia saa ya safari." Hajawahi kupanda ndege maisha yake, lakini alikuwa amelielewa jambo hili kuliko mimi.

Huko Ulaya nako wamejifunza hivyo hivyo. Njia ya reli iliyopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ilifunguliwa mwaka 1994. Leo treni hutoka katikati ya London ikafika katikati ya Paris kwa saa mbili na robo hivi. Kwenye karatasi ndege inaishinda treni kwa karibu saa nzima. Lakini ukiongeza kwenda uwanjani, kukaguliwa, kungoja, kusubiri mzigo na kuingia mjini, treni huwahi. Ndiyo maana wengi wameiacha ndege. Wao wanahesabu kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, si kutoka uwanja hadi uwanja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayesafiri, naomba unisikilize kwa mambo manne. La kwanza, soma tiketi kwa saa zake. Ile 06:00 ni saa 12 alfajiri yetu, si saa 6 mchana, na wapo walioachwa kwa kosa hilo dogo. La pili, ukivuka mpaka, uliza saa za huko kabla hujahesabu muda. La tatu, usipime barabara kwa rula, waulize madereva wanaoipita. La nne, ongeza muda wa chini: kuwahi uwanjani, maana kaunta hufungwa kabla ndege haijaondoka, na kutoka uwanjani hadi unakokwenda. Kama una jambo lisilosubiri, mgonjwa, usaili wa kazi au mazishi, ongeza tena akiba. Na kama hesabu inakataa, waambie ukweli wanaokungoja. Ningewaambia wazee usiku ule kwamba nitafika jioni, huenda wangesogeza mazishi hadi asubuhi. Hawakunikatalia. Mimi ndiye sikuwapa nafasi ya kuamua.

Nawe mwanangu wa kidato cha tatu, jibu lako ni hili: ndege haikuteremka mlima, saa ndizo zilizosogezwa. Umeuliza vizuri, kwa sababu hukukubali namba kwa kuwa imechapwa. Endelea hivyo hivyo. Siku utakapopanda ndege yako ya kwanza, kabla hujapiga simu nyumbani kusema utafika saa ngapi, chukua kalamu, hesabu safari nzima mpaka mlangoni Nyamisangura. Kisha ndipo uwape neno lako.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.